Je, Ni Haki Kulipia Njia Usiyoipita?

Yako maswali yaonekanayo kuwa ya wakubwa wa mji tu, walakini ukiyafunua waona kwamba yamo katika kapu la kila mtu aendaye sokoni. Moja ni hili: Je, ni haki mtu kutozwa fedha kwa ajili ya reli au kivuko asichokipanda?

Kwanza tutazame mambo yalivyo. Mwaka 2015 Serikali ya Tanzania iliweka kodi ya kuendeleza reli. Ilipoanza ilikuwa shilingi moja na nusu katika kila shilingi mia za thamani ya bidhaa nyingi ziingiazo kutoka ng'ambo. Mwenye kuleta bidhaa huilipa kwanza, kisha huiongeza katika bei. Basi mama wa Tandika, katika Temeke, anunuapo sufuria iliyotoka ng'ambo, amechangia reli, na huenda asiipande maisha yake yote. Hali kadhalika mkulima wa kijiji cha mbali anunuapo panga. Reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hata Morogoro mwezi wa Juni 2024, na baadaye mwaka ule ule hata Dodoma.

Wako wasemao, "Apandaye na alipe, asiyepanda aachwe." Neno hili lina sura ya haki, wala tusilidharau, kwa maana fedha za Serikali zatakiwa pia na shule na hospitali. Lakini tulitie katika mizani. Mwanzo wa mwaka 2012 nauli ya mtu kuvuka kwa pantoni toka Magogoni hata Kigamboni, iliyokuwa siku zile katika Temeke, ilipandishwa kutoka shilingi 100 hata 200. Kwa mwenye mshahara mkubwa ongezeko hilo halikuwa kitu. Kwa mchuuzi avukaye asubuhi na kurudi jioni, zilikuwa shilingi 200 zaidi kila siku, hata kabla hajauza chochote. Njia ya kuzunguka kwa Kongowe ni ndefu, na daraja lilikuwa halijafunguliwa hata mwaka 2016. Kumbe nauli iliyo sawa kwa wote haiwalemei wote sawasawa. Wazee walisema, dau la mnyonge haliendi joshi. Tukisema kila mtu ajilipie yote, tumekwisha kuamua ni nani atakayebaki ng'ambo.

Tena faida ya njia haikomi kwa apandaye. Mwezi wa Oktoba 2012 zilianza treni za abiria za mjini: moja kutoka stesheni ya mjini hata Ubungo, uliokuwa wakati ule katika Kinondoni, na nyingine katika reli ya TAZARA hata Mwakanga. Watu waliziita kwa jina la waziri wa siku zile, treni ya Mwakyembe. Kila aliyepanda treni aliacha nafasi katika basi kwa mwingine. Mwenye duka alimpata mtumishi wake kwa wakati, na mgonjwa aliyechukuliwa kwa gari alipungukiwa na msongamano. Basi hata asiyepanda alipata sehemu yake, nayo ndiyo sababu ya haki kumwomba achangie.

Walakini haki hii ina masharti. La kwanza ni utunzaji. Reli ya TAZARA, ambayo stesheni yake kubwa iko Temeke, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, baada ya mataifa mengine kukataa yakisema haitalipa. Ilikusudiwa kuchukua tani milioni mbili kwa mwaka. Lakini katika mwaka wa 2014/15 haikufikisha hata tani 100,000. Hapa ndipo penye jambo zito. Reli mpya nayo imejengwa kwa mikopo pamoja na fedha za Serikali, na mkopo ni mzigo uachiwao watoto, hata wasiozaliwa bado. Wakiipokea reli ikiwa nzima, wamelipia mali yao wenyewe. Wakipokea chuma chenye kutu, tumewala nao hawajazaliwa. Kujenga bila kutunza si uzembe tu, bali ni dhuluma.

Sharti la pili ni hesabu. Achangiaye kwa nauli huona tikiti mkononi mwake. Achangiaye kwa bei ya sufuria haoni kitu. Kwa kuwa yeye haoni, imempasa mshika fedha aonyeshe zaidi, si kidogo.

Sharti la tatu ni kumkumbuka aendaye kwa miguu. Stesheni nzuri isiyo na njia ya kuifikia ni kama kisima kisicho na kamba. Aliye mnyonge kuliko wote hana gari wala baiskeli; njia yake ya miguu, na kivuko chake cha mfereji, ni sehemu ya safari kama reli ilivyo sehemu.

Basi jibu letu ni hili: ni haki kulipia njia usiyoipita, ikiwa wenzio waipita kweli, ikiwa wanao wataikuta, na ikiwa waweza kuuliza fedha yako ilikwenda wapi ukajibiwa. Pasipo hayo, mama wa Tandika atakuwa na haki ya kunung'unika, wala hapana atakayeweza kumwambia nyamaza.