Bibi Alikuwa Anahesabu

Watoto wa Kabwe wameshika migebuka wengi kuliko nitakaowahi kuwashika mimi. Wanawatoa matumbo, wanawaosha, wanawabeba kwenye mabeseni kutoka mwaloni. Lakini siku ya kwanza ya darasa letu la kuchora, nilipowaambia wachore mgebuka kwa kumkumbuka tu, karibu wote walinichorea samaki mmoja: mwili wenye umbo la jicho, mkia wa pembetatu, magamba yaliyopangwa kama vigae. Wawili walimwekea mishale na maneno pembeni, "pezi", "mkia". Huyo si samaki wa Ziwa Tanganyika. Ni samaki wa ubaoni.

Sikushangaa. Shuleni kwetu kuchora ni kunakili. Mwalimu anachora moyo, au mbegu ya harage, au ramani ya Tanzania, na wewe unachora alichochora mwalimu. Maksi zinakuja kwa kufanana na ubao. Sikumbuki hata mara moja tuliyoambiwa tuulinganishe moyo wa ubaoni na moyo wa mbuzi, ingawa mbuzi hatukuwakosa.

Basi tulinunua mgebuka mmoja, tukamlaza juu ya gunia kivulini, tukaanza kumtazama. (Samaki wa kuchora ana masharti yake: joto la ziwani halisubiri, na jioni lazima aliwe.) Baada ya dakika kumi hivi mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, alisema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa, "Kumbe pezi la mgongoni ni mawili!" Kisha akajicheka mwenyewe, kwa sababu lile la mbele lina miiba na limeshamchoma mara nyingi. Vidole vyake vilikuwa vinajua siku zote. Penseli ndiyo ilikuwa haijaambiwa.

Kwa muda mrefu nimeamini kwamba hapo, pezi linapogeuka mawili, kuna jambo la kimaadili na si la ufundi peke yake. Ulikuwa na picha kichwani, kitu kilicho mbele yako kikaikataa, nawe ukakubali kufuta. Watu wengi wazima hawawezi kufanya hivyo mbele ya mke, jirani au mpinzani wa kisiasa. Nikadhani mtoto akizoea kusahihishwa na samaki, atakuwa amepata mazoezi.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza kama huku si kuwafundisha watoto wa Rukwa kuona kwa macho ya Mzungu. Swali lake lina historia. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha ufundishaji wa sanaa Makerere katika miaka ya 1930, hakupenda kuwalazimisha wanafunzi wachore kitu kilichowekwa mbele yao. Aliwasimulia tukio kwa maneno, nao wakachora walichokiona akilini. Aliogopa mafunzo ya Ulaya yangeua walichokuja nacho. Naiheshimu hofu hiyo, lakini ndani yake nasikia kadharau fulani, kana kwamba Mwafrika amepewa ndoto na Mzungu amepewa macho. Mama anayefunua matamvua ya samaki kuona kama bado ni mekundu hakungoja mtu amfundishe kutazama.

Pingamizi lililonisumbua zaidi nililikuta chuoni, nalo pia lilianza na samaki. Louis Agassiz, profesa wa Harvard katika karne ya 19, alikuwa na mtindo wa kumpa mwanafunzi mpya samaki aliyehifadhiwa na kumwambia amtazame, basi. Mmoja wao, Samuel Scudder, alisimulia mwaka 1874 jinsi alivyowekwa na samaki yule siku tatu, na jinsi mwalimu alivyofurahi alipomkuta ameanza kumchora. Walimu wa kuchora na wa sayansi wanakipenda sana kisa hiki. Nami nilikipenda, mpaka nilipojua kwamba mwaka 1850 Agassiz huyo huyo aliagiza watumwa wa South Carolina wapigwe picha wakiwa wamevuliwa nguo, kati yao mzee Renty na binti yake Delia, ili zimsaidie kuonyesha kwamba watu weusi na weupe hawana asili moja.

Yaani bingwa wa "tazama tena" alitazama watu akaona alichokuwa ameshaamua. Macho yake hayakuwa mabovu. Pezi aliliruhusu limkosoe. Renty hakuruhusiwa kusema neno.

Kwa hiyo tulipoanza kuchora watu, niliweka sharti moja: ukimchora mtu, unampelekea. Mvulana yule wa mapezi alimchora bibi mmoja anayeuza dagaa. Alikaa mbali, akachora vizuri kweli, mikunjo kati ya nyusi, midomo iliyobanwa. Chini akaandika: Bibi mwenye hasira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete nione." Alilishika daftari mbali na macho, akacheka. "Ni mimi. Ila hasira umeitoa wapi? Nilikuwa nahesabu. Nimekopesha sado tatu tangu asubuhi na siandiki popote."

Mistari yote ilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa katika neno moja tu, na hakuna kiwango cha kutazama ambacho kingelisahihisha neno lile. Ilibidi bibi mwenyewe alishike daftari.

Sharti hilo lina gharama yake. Msichana mmoja alimchora kijana anayebeba mizigo bandarini, mchoro bora kuliko yote ya darasa. Kijana aliutazama muda mrefu, akaomba ufutwe. Hakusema umekosea. Alisema kwao Sumbawanga wanajua yeye ni karani. Tulibishana sana siku ile. Mtoto wa mvuvi alilalamika kwamba kila mtu akifuta asichokipenda tutabaki na samaki, na hoja yake si ya kitoto: bibi alirekebisha uongo, huyu anataka kuficha ukweli. Mimi niliegemea upande wa kijana. Ukweli kuhusu pezi haumgharimu samaki chochote zaidi ya alichokwisha kupoteza, lakini uso ule una mama yake Sumbawanga. Hata hivyo sikumwamuru msichana afute. Mchoro ni wake.

Alifuta uso. Kisha akauliza kama gunia na mikono vinaweza kubaki. Kijana alitazama mikono yake, akasema hiyo haina shida.