Gawio Nono Wakati wa Dhiki: Linatoka Wapi?



Katika mwezi wa Aprili 2020, maradhi ya korona yalipoenea na misikiti ya Mombasa ikawa imefungwa, alinijia ndugu mmoja ambaye tulisoma naye chuoni tangu utotoni. Tuliketi barazani, yeye upande huu na mimi upande ule, kama ilivyokuwa amri ya siku zile. Alikuwa amestaafu na amekwisha pokea kiinua mgongo chake. Nyumbani ana mama mkongwe anayemwuguza, na binti wawili ambao bado wanasoma. Akaniambia: "Maalim, hisa za benki zimeanguka. Iko benki moja ambayo kwa bei ya leo gawio lake linakaribia shilingi 10 kwa kila mia. Je, hii si rizki niliyofunguliwa mlango? Nipe shauri."

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, maana suala lake lilikuwa na masuala mengine ndani yake. Tangu hapo nimeulizwa na wengine pia, na kwa hiyo nimeona ni bora niyaandike niliyoyafikiri.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe lilivyo. Tuseme hisa moja inauzwa shilingi 40, na benki mwaka uliopita ilitoa gawio la shilingi 2 kwa kila hisa. Hiyo ni shilingi 5 kwa mia. Ikaja dhiki, watu wakaogopa, bei ikashuka hata shilingi 20. Yule anayenunua leo hupiga hesabu yake na kuona kuwa shilingi 2 juu ya 20 ni 10 kwa mia. Lakini je, benki imeongeza hata senti moja? Haikuongeza kitu. Kilichokua ni hofu ya watu. Tena zile shilingi 2 ni gawio la mwaka uliopita, nalo lilitoka katika faida ya siku za neema. Gawio la mwaka ujao bado halijapatikana, na wala benki haina deni la kulitoa. Basi anayesema "benki hii inalipa 10 kwa mia" huwa ameunganisha bei ya leo na neema ya jana, kisha akaipa jina la rizki ya kesho.

Hebu tutazame mfano mmoja uliotokea kweli. Katika mji wa Newcastle huko Uingereza kulikuwa na benki iliyoitwa Northern Rock. Zamani ilikuwa chama cha watu kuweka akiba na kukopeshana fedha za kununua nyumba, na mwaka 1997 ikageuzwa kuwa kampuni yenye hisa sokoni. Wanachama wengi, watu wa kawaida tu, wakapewa hisa na wakazitunza kama akiba ya uzeeni. Benki ikakua upesi sana. Haikutegemea amana za wateja wake peke yake. Sehemu kubwa ya fedha ilizokopesha ilizipata katika masoko ya fedha, na ikawa inakopesha hata zaidi ya thamani ya nyumba yenyewe.

Mnamo Julai 2007, wakati mikopo ya nyumba kule Marekani ilikuwa imekwisha anza kuharibika, benki hii ilitangaza kuwa itaongeza gawio lake la nusu mwaka kwa zaidi ya 30 kwa mia. Mwenye hisa aliyesoma habari ile bila shaka alifurahi. Mwezi uliofuata masoko yakafunga mikono. Tarehe 14 Septemba watu walipanga foleni milangoni mwa benki ile kutaka amana zao, na wengi wao walikuwa wazee. Haikupata kuonekana foleni ya namna ile katika benki ya Uingereza kwa zaidi ya miaka 100. Wala hawakuwa wajinga. Sheria ya wakati ule iliwadhaminia kikamilifu paundi 2,000 za mwanzo tu, na baada ya hapo sehemu 9 katika 10 mpaka kiasi fulani. Serikali ikalazimika kutangaza kuwa amana zote zitakuwa salama. Kabla mwezi haujakwisha, benki ikatangaza kuwa lile gawio halitalipwa. Februari 2008 serikali iliichukua benki, na mthamini aliyewekwa akaamua kuwa thamani ya hisa ilikuwa sifuri. Wenye hisa wakaenda mahakamani na wasipate kitu.

Wengi husimulia kisa hiki ili kusema: "Tahadharini, mtapoteza mali." Ni kweli, lakini hilo ni fundisho la biashara. Mimi natazama fundisho jingine lililo ndani yake. Benki si duka la nguo. Mwenye duka akila faida yote na mtaji juu yake, atakayelala njaa ni yeye. Ama benki, fedha iliyo nyingi ndani yake ni amana za watu, na mtaji wa wenye hisa ni kama ukuta mwembamba unaozizunguka. Hasara ikija, hupiga ukuta kwanza. Kila shilingi inayotolewa kama gawio ni jiwe lililong'olewa katika ukuta ule. Siku za salama si neno, maana mawe mengine yanaletwa. Lakini siku za dhoruba, benki inayotoa gawio nono ili bei ya hisa isianguke ni kama nahodha anayeng'oa mbao za chombo na kuziuza, apate kuwagawia wenye chombo nauli, na hali abiria wamo ndani na pwani haionekani.

Mafakihi wetu wana kanuni mashuhuri ya kwamba faida huandamana na dhamana: anayetaka kula faida ya kitu awe tayari kubeba hasara yake. Mwenye hisa hujiona ametimiza kanuni hii, maana akipoteza, amepoteza mali yake. Lakini hasara yake ina mpaka. Akinunua hisa za shilingi laki moja, hawezi kudaiwa zaidi ya laki ile, hata benki ikifilisika kwa mabilioni. Kinachozidi huwaangukia wenye amana, au hazina ya serikali, yaani mlipa kodi ambaye hakununua hisa wala hakuula gawio. Kwa hiyo suala la insafu ni hili: gawio ninalolipokea leo, je, limetoka katika faida iliyokwisha patikana na usalama wa wengine umekwisha timizwa, au limetoka katika usalama wao?

Na tusiseme kuwa hakuna awezaye kufanya vinginevyo. Katika mwaka ule ule wa 2020, benki ya Equity ya Kenya ilikuwa imependekeza gawio la shilingi 2.50 kwa kila hisa, jumla yake zaidi ya shilingi bilioni 9. Mwezi Mei halmashauri yake ikaliondoa pendekezo lile ili fedha ibaki ndani kwa ajili ya dhiki iliyokuwa mbele. Mwezi Machi Benki Kuu ya Ulaya nayo ilizitaka benki zilizo chini yake zisitoe gawio kwa muda. Hapana shaka wako wenye hisa walionung'unika, na wengine walikuwa na haja ya kweli. Lakini aliyenyimwa gawio alikuwa bado na hisa yake, na mwenye amana akalala usingizi. Gawio lilirudi katika hesabu za mwaka 2021, shilingi 3 kwa hisa.

Sasa tuje kwenye mas-ala ya riba, ambayo Muislamu hawezi kuyaruka. Ni kweli kuwa wanazuoni wamehitilafiana. Mwaka 1989 Sheikh Muhammad Sayyid Tantawi, aliyekuwa Mufti wa Misri, alihalalisha hati za akiba zenye faida maalumu. Lakini Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, liliamua kuwa haijuzu kununua hisa za kampuni ambayo shughuli yake ya asili ni haramu, kama vile kufanya biashara ya riba. Mimi nafuata uamuzi huu, na anayeufuata hana haja ya kupiga hesabu ya gawio hata kidogo. Hata hivyo, asidhani kuwa amemaliza. Kwani hata benki isiyokula riba inaweza kuongozwa kwa tamaa, na hata hisa iliyo halali inaweza kuliwa kwa njia ya dhulma. Kukisafisha kitu ni jambo moja, na kuisafisha namna ya kukichuma ni jambo la pili.

Niliporudi kwa yule ndugu na kumweleza haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sawa, Maalim. Lakini na wewe, malipo yako ya uzeeni yanapitia wapi? Si benki hizo hizo? Umenifungia mlango huu, na mama yangu anataka dawa kesho."

Neno lile lilinichoma, na sitaki kujifanya kuwa sikulisikia. Ni kweli kuwa sote tumo katika mji ambao mabomba yake yanapita chini ya nyumba zote. Lakini iko tofauti baina ya anayepitisha fedha zake mahali kwa dharura na anayejifanya mwenye mahali pale ili apate faida yake. Mwenye hisa ni mshirika, ana sauti na anahisabiwa. Tena maskini hazuiwi kutafuta. Anachotakiwa ni kutazama anachotafuta. Asiuweke mtaji wa dawa za mama mahali ambapo hofu ya soko inaweza kuula kwa wiki moja. Na kama atanunua hisa za benki iliyo halali, aulize kwanza kama benki ile iko tayari kumnyima gawio siku itakapobidi.

Mwishowe tulikubaliana kuwa ile fedha ya dawa isiguswe, na kwamba sehemu ya iliyobaki ataitia katika ushirika wa biashara na jamaa yake, wagawane faida na hasara. Biashara ile haikumtajirisha. Lakini anamjua anayekula naye, na anajua kinatoka wapi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.