Kingamwili ni Mali ya Nani?

Tangu mwaka 2024, msichana wa Bariadi anayechanjwa kujikinga na saratani ya mlango wa kizazi huchomwa sindano moja tu. Sehemu ya ushahidi wa uamuzi huo ilitoka jirani, Mwanza. Huko wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walipewa dozi moja, mbili au tatu, kisha wakatolewa damu ili kingamwili zao zipimwe. Wa Bariadi hawafahamu wale wa Mwanza. Je, anadaiwa nao?

Usukumani swali hili si geni. Bayeye, wacheza nyoka, huchanjana chale na kupaka dawa ili sumu isiwadhuru. Nguvu ya dawa hiyo ni habari nyingine. La kutazama ni utaratibu wake. Haitolewi ovyo: mwanafunzi huingia chamani, humlipa mwalimu wake, na hubaki na wajibu kwa wenzake.

Maabara zimelitia swali hilo uzito mpya. Watu wa Bagamoyo walijitolea kudungwa vimelea vya malaria vilivyodhoofishwa kwa mionzi, na damu yao ikawafikia watafiti wa Bellinzona, Uswisi. Chembe B, zile zinazounda kingamwili, zilitengwa, jeni zake zikasomwa herufi kwa herufi, na kwa maandishi hayo kingamwili zikaundwa upya. Matokeo yalitoka mwaka 2018 katika jarida la Nature Medicine.

Jeni ya kingamwili hairithiwi ikiwa kamili. Kila chembe B huokota vipande kutoka kwa vile vya wazazi, ikaviunga kwa bahati nasibu. Ikikutana na kimelea, hurekebisha maandishi yake tena na tena. Mwenye mwili akifa, yanakufa naye, mtoto wake hayapati. Mtu angeweza kudai kwamba hakuna kilicho chake zaidi ya hicho.

Lakini watafiti walikuta watu mbalimbali wameunda kingamwili za ukoo mmoja, bila yeyote kujua la mwenzake.

Hapo dai la umiliki wa mtu mmoja linalegea, na la maabara linalegea zaidi. Fomu ya ridhaa humlinda aliyetia saini. Deni kwa jamii yake hailigusi. Dawa ikizaliwa kutokana na maandishi hayo, haki ni ifike mapema Bagamoyo, na pia kwenye zahanati za Usukumani, Itilima na Meatu, kwa bei ambayo mkulima wa pamba anaimudu hata kabla ya msimu wa mauzo.