Je, Mkristo Aombe Uzio Uwe Imara?

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2012, watu watatu walivuka kilima chenye msitu huko Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani. Walikata uzio baada ya uzio kwa makoleo, wakafika kwenye ukuta wa jengo linalohifadhi urani iliyorutubishwa kwa ajili ya mabomu ya nyuklia. Mkubwa wao alikuwa Sista Megan Rice, mtawa Mkatoliki mwenye miaka 82, aliyefundisha kwa miaka mingi Nigeria na Ghana. Wenzake ni Michael Walli na Greg Boertje-Obed. Waliandika maneno ya amani ukutani, wakamwaga damu, wakagonga ukuta kwa nyundo, wakimkumbuka nabii Isaya na panga zake zinazofuliwa kuwa majembe. Mlinzi alipofika, walimkaribisha mkate.

Uchunguzi wa serikali ulifichua mambo ya aibu. Kamera ilikuwa mbovu kwa miezi. Ving'ora vilikuwa vikilia ovyo mara nyingi, hata walinzi wakazoea kutovijali. Waliokuwa ndani walisikia nyundo, wakadhani ni mafundi. Mafundi gani hao, alfajiri kabla ya jogoo?

Sisi Walutheri tunafundishwa kwamba Mungu hutawala kwa mikono miwili: kwa Injili, na kwa serikali inayozuia uovu. Uzio ni kazi ya mkono wa pili, na ni kazi njema. Aliyekuja usiku ule alibeba mkate. Mwingine angeweza kuja na baruti. Wala jambo hili haliko mbali nasi. Urani nyingi ya mradi uliozaa bomu la Hiroshima, mwaka 1945, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jirani zetu, na urani ya bomu lile ilirutubishwa hapohapo Oak Ridge. Kwa hiyo tunajibu ndiyo: tuombe uzio uwe imara.

Lakini jibu hilo lina mtego. Katika Bunge la Marekani, mbunge mmoja alimshukuru Sista kwa kufichua udhaifu wa ulinzi. Yeye alikuwa amekwenda kusema kwamba kilichomo ndani ni dhambi. Wao wakamfanya mkaguzi wa kamera! Kampuni ya ulinzi ilipoteza mkataba, uzio ukatengenezwa, na urani ikabaki palepale. Aliyeimarisha mlango wa ghala bado hajajibu kwa nini ghala lina kitu cha kuchoma miji mizima.

Na yule mlinzi? Alipowaona alitambua kwamba ni wapinga vita, hakuwaelekezea bunduki. Alilaumiwa kwa uzembe, akafukuzwa kazi. Twaona lawama hiyo ina ukweli wake, kwa maana lindo ni lindo, na Ezekieli hamwachi mlinzi asiyepiga tarumbeta. Ila hakuharibu kamera yeye, na kama angekuwa mwepesi wa risasi, bibi wa miaka 82 angezikwa. Washarika wetu wanaokesha kwenye mageti ya benki na maghala wataielewa hesabu hii upesi: makosa ya wakubwa wengi, mshahara wa mtu mmoja, ada za watoto.

Hapo ndipo dhamiri inapopimwa. Wale watatu walikuwa tayari kulipa wenyewe, na mwaka 2014 walihukumiwa: Sista miezi 35, wenzake miezi 62 kila mmoja. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ilitengua hatia ya hujuma, wakaachiwa. Tunawaheshimu kwa kutokimbia. Hata hivyo, sehemu ya gharama ilimwangukia mtu ambaye hakuulizwa, naye ndiye jirani wa kwanza waliyekutana naye usiku ule.

Sista alifariki mwaka 2021, akiwa na miaka 91. Mahakamani alisema anajutia jambo moja, kwamba alingoja miaka 70 kabla ya kutenda. Sisi tungeongeza la pili: kazi ya yule mlinzi.