Bahasha Chini ya Kiti cha Nyuma



Mwaka jana nilinunua gari kuukuu, Peugeot 504 ya mwaka 1982, kutoka kwa mama mmoja mjane wa jumuiya jirani. Marehemu mumewe alilitumia miaka mingi. Wenye umri wangu wanalijua gari hilo. Ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na ndilo lililotubeba utotoni, tumebanana, kwenda mashambani kwa Krismasi.

Nililipeleka kwa fundi wa jua kali. Kufufua gari la zamani si kupaka rangi tu. Fundi hung'oa viti, huinua zulia na hufungua milango, maana kutu huanzia mahali pasipoonekana. Huko ndiko hukutwa vitu ambavyo hakuna aliyekuwa akivitafuta tena. Pale kiti cha nyuma kinapokutana na egemeo pana mwanya, nao humeza mengi. Sisi tulipata sarafu, kibanio cha nywele, shanga za rozari iliyokatika, na jino la mtoto lililofungwa katika karatasi. Fundi akacheka. Kisha akatoa bahasha.

"Mwalimu, hii imeandikwa kwa mkono."

Ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Juu yake palikuwa na jina la marehemu tu, bila stempu. Nilivuta karatasi kidogo nikaona maneno mawili: "Mpenzi wangu." Nikairudisha upesi kama mtu aliyeshika kaa la moto.

Swali ni hili: ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Mimi niliwaza kuichoma. Nilijiambia kwamba hiyo ni huruma. Kama barua ilitoka kwa mwanamke mwingine, kwa nini nimvunje moyo mjane ambaye amekwisha kumlilia mumewe na kumzika? Wazo hilo si la kipumbavu. Mtu mwema anaweza kulishika.

Jioni nilimweleza mke wangu. Akaniuliza, "Baba watoto, hiyo barua ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Na vitu vya marehemu sasa ni vya nani?" Nikanyamaza. "Basi ukiichoma, unachoma mali ya mtu. Na je, kama ni yeye mwenyewe aliyeiandika?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Kwa maneno mawili tu nilikuwa nimekwisha kuhukumu ndoa ya watu wawili. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Mimi sikuwa kata. Nilikuwa mpita njia aliyeuokota mtungi.

Kumbukumbu la Torati sura ya 22 yaagiza kwamba ng'ombe, punda au vazi la ndugu yako vikipotea nawe ukaviona, umrudishie. Hakuna sharti kwamba kwanza upime kama atafurahi. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2409, inahesabu kushikilia kwa makusudi kitu kilichopotea kuwa kosa dhidi ya amri ya saba. Yaani anayeokota na kukaa nacho ni ndugu wa mwizi, hata kama nia yake ni tamu.

Kisha mke wangu akasema polepole, "Unaikumbuka ile risiti?"

Naikumbuka. Miaka mingi iliyopita nilikuta katika koti lake risiti ya pesa nyingi nisizozijua. Sikumwuliza. Niliikunja nikaificha katika kitabu, na kwa miaka 3 nilimtazama kwa jicho la pembeni. Siku tuliyogombana juu ya karo, nikaitoa kama wakili anayetoa ushahidi mahakamani. Alilia sana. Yalikuwa malipo ya matibabu ya ndugu yake, aliyekuwa na ugonjwa aliouonea aibu na aliyemsihi asimwambie mtu. Pesa alizipata katika chama chake. Baadaye alikiri kwamba afadhali angalinidokezea. Lakini kosa langu lilikuwa kubwa zaidi: nilikuta kitu chake, nikakigeuza silaha yangu.

Fundi wangu alinionyesha jambo. Chini ya mlango wa gari kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua yanayopenya kandokando ya kioo. Majani au karatasi vikianguka humo, vitundu huziba, maji hutuama, na mlango huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikingali inang'aa. Risiti yangu ilifanya kazi hiyo kwa miaka 3.

Wengine watasema, "Acha tu, wakati utaponya." Wakati peke yake hauponyi. Kule Tulsa, Marekani, mwaka 1957 watu walizika gari jipya aina ya Plymouth Belvedere, liwe zawadi ya atakayekisia vizuri zaidi idadi ya wakazi wa mji baada ya miaka 50. Ndani waliweka vitu vya mkoba wa mwanamke: rangi ya midomo, vibanio vya nywele, hata dawa za kutuliza wasiwasi. Walipolifukua mwaka 2007, maji yalikuwa yameingia shimoni na gari lilikuwa limeliwa na kutu. Mshindi alikuwa amefariki mwaka 1979, na mkewe mwaka 1988. Haki ya mtu ikicheleweshwa mno, huenda asiwepo wa kuipokea.

Basi Jumapili baada ya Misa tulikwenda kwa yule mama, mimi na mke wangu. Jino lilimchekesha, mwenye jino sasa ni baba wa watoto. Kisha nikampa bahasha kwa mikono miwili, nikakiri kwamba nilisoma maneno mawili ya mwanzo. Aliitazama, akaigeuza, akaifunga katika pindo la leso yake. Akatumiminia chai. Akauliza kama klachi bado inasumbua. Hadi leo sijui barua ile ilitoka kwa nani, wala si haki yangu kujua.

Ndugu mwanandoa, ukikuta kitu cha mwenzako, mfukoni, kabatini au katika simu, usikisambaze kwa majirani wala usikiweke akiba ya ugomvi. Mrudishie mkiwa wawili tu, umwulize, kisha umsikilize mpaka amalize. Kikiwa ni jambo la kuhatarisha uhai, tafuta msaada mapema. Nawe uliyeficha, inua kiti mwenyewe kabla fundi hajakiinua.

Je, nyumbani kwako kuna risiti iliyokunjwa ndani ya kitabu? Itoe leo, wakati wa chai.