MAJI MACHAFU YA MJI WA DODOMA KATIKA MIZANI YA SHARIA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeyateremsha maji kutoka mbinguni yakiwa safi yenye kusafisha, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba wake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, jueni ya kuwa mlango wa kwanza ausomao mtoto katika vitabu vya fiqhi vya madhehebu yetu ni mlango wa maji. Hasomi sala kabla ya kujua maji, wala hasomi saumu wala hija. Basi ni ajabu kubwa kwamba mtu aliyesoma mlango huo akajua hukumu ya kulla mbili, awapo mtu mzima mwenye nyumba hajiulizi hata siku moja: maji yatokayo chooni kwangu yaenda wapi?

Na swali hili twataka kuliuliza juu ya mji wa Dodoma, kwa sababu ndio makao makuu ya nchi, na kwa sababu ndugu zetu wengi wa pwani, makarani na wafanya biashara na walimu, wamehamia huko na kujenga. Watu hushindana juu yake. Huyu husema mji umeendelea, tazama barabara na mifereji. Na yule husema mji ungali mchafu, tazama maji yatiririkayo mitaani. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha kupima kwa mizani iliyo sawa, na amewaonya vikali wapunjao vipimo katika sura nzima. Basi mwenye kuusifu mji kwa lisilokuwamo amepunja, na mwenye kuukashifu na kuficha jema lililofanywa naye amepunja vile vile.

FASILI YA KWANZA: KHABARI YA MJI

Dodoma ni nchi kavu. Mvua yake kwa mwaka ni milimita zipatazo 570, nayo hunyesha baina ya mwezi wa Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki mbingu hufunga. Mito yake ni ya mchanga, haina maji ila mvua inaponya. Lakini ikinya hunya kwa nguvu, na maji hushuka kwa makorongo kwa ghafula, yakachukua kila yalichokikuta juu ya ardhi.

Serikali ilikata shauri kuhamishia makao makuu Dodoma mwaka 1973, na mwaka huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyopima viwanja na kulaza mabomba mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Mwaka 2016 serikali ilianza kuhamia kwa kweli, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,956. Hesabu ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Yaani kwa miaka kumi tu mji umekaribia kuwa miji miwili.

Maji ya kunywa ya mji huu, kwa sehemu kubwa, hutoka chini ya ardhi, katika visima vya Mzakwe huko bonde la Makutupora. Wanazuoni wa elimu ya maji wameyapima maji ya bonde hilo kwa zaidi ya miaka 50, wakaona ya kuwa hayajazwi kila mwaka. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, kama ule wa 1997 na 1998, kisha watu wakaishi kwa akiba hiyo miaka mingi. Basi fahamu maana yake: mvua ile ile izoayo uchafu wa juu ya ardhi ndiyo ishukayo kuwa akiba ya wanywaji. Na kisima kilichoharibika chini ya ardhi si kama nguo, uifue jioni na uivae asubuhi.

FASILI YA PILI: KUPIMA KILICHOFANYWA

Tuanze na lililo jema, na tuseme kwa uadilifu. Tangu mwaka 2010 Dodoma imekuwa katika miji saba iliyotengenezewa barabara na mifereji ya maji ya mvua kwa mkopo wa Benki ya Dunia, pamoja na Arusha, Kigoma, Mbeya, Mtwara, Mwanza na Tanga. Mitaa iliyokuwa ikikatwa na makorongo leo hupitika wakati wa masika. Aidha mji una mamlaka yake ya maji, DUWASA, iliyopewa kazi ya maji safi na ya maji taka pamoja, na una mabwawa ya kutulizia maji taka huko Swaswa. Bwawa la namna hiyo huyalaza maji siku nyingi, tope likashuka chini, na jua na vijidudu vikaula uchafu. Hii ni kazi ya kushukuriwa, na asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu.

Ama lililopungua ni hili. Mabomba ya maji taka yamelazwa katikati ya mji na katika baadhi ya mitaa iliyopimwa, lakini nyumba nyingi zingali zategemea mashimo na makaro. Mji umekua upesi kuliko mabomba. Kila kisima kipya kinachochimbwa na kila bomba la maji safi linalofika mtaani ni neema, na watu hufurahi. Lakini maji yaliyoingia nyumbani hapana budi yatoke. Aliyeletewa maji asiletewe njia ya kuyatoa amepewa nusu ya neema, na nusu ya pili imegeuka kuwa mzigo wa jirani yake.

Basi kipimo tukitakacho ni cha mambo matatu. La kwanza: usihesabu mifereji mingapi imejengwa, hesabu katika kila nyumba mia ni ngapi ambazo uchafu wake hufika mahali pa kusafishwa, ama kwa bomba ama kwa gari la kunyonya. La pili: usitazame mfereji unapoanzia, tazama unapoishia, mfereji umwagao takataka katika korongo haukuondosha uchafu, umeuhamisha tu. La tatu: usipime mji wakati wa kiangazi, upime mwezi wa Januari baada ya mvua ya usiku, maana mvua ndiyo shahidi asiyenunuliwa.

Mataifa yameafikiana kwamba ifikapo mwaka 2030 maji taka yasiyosafishwa yapunguzwe kwa nusu. Na katika nchi yetu iko Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, na EWURA hutoa taarifa kila mwaka juu ya mamlaka za maji. Msomaji ajuaye kusoma na azisome, aulize katika mkutano wa mtaa wake. Kuuliza kwa adabu si fitina, bali ni nasaha, na dini ni nasaha.

FASILI YA TATU: JAMBO HILI LATUHUSU NINI SISI WA PWANI?

Huenda mtu wa Bagamoyo au Pangani akasema: Dodoma iko mbali, mimi yanihusu nini? Tutamjibu: maji hayajui umbali. Makorongo ya Dodoma humwaga katika Kinyasungwe. Njiani lipo bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Kinyasungwe huingia Mkondoa, ule uliofurika Kilosa mwezi wa Desemba 2009 ukavunja reli na kuwaondosha watu majumbani mwao. Na Mkondoa huingia Wami, na Wami humwaga baharini baina ya Bagamoyo na Saadani. Basi mvua iliyonya Dodoma, kwa wingi wake au kwa uchache wake, mwisho wake ni mbele ya nyavu zako.

Na maradhi hayahitaji hata mto. Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara kwa njia ya Pangani kikaingia Unguja, kikaua maelfu ya watu. Tabibu Christie aliyekuwapo ameiandika khabari yake. Na kile kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilipanda bara, Dodoma pamoja, na kikavuka mpaka Unguja. Mara ya kwanza kilishuka, mara ya pili kilipanda. Bara na pwani ni jahazi moja.

Na mfano wa jahazi ni wa Mtume wetu, s.a.w., kama alivyopokea Bukhari kwa Nuuman bin Bashir: watu waliopiga kura katika chombo, hawa wakapata juu na hawa chini, wa chini wakaona ni taabu kupanda kuteka maji, wakataka kutoboa tundu katika fungu lao. Wakiachwa wangaliangamia wote, na wakishikwa mikono wangaliokoka wote. Angalia, ndugu yangu: wale watu hawakutaka uovu. Walitaka maji, nao walitoboa fungu lao wenyewe. Hivyo ndivyo asemavyo kila mwenye karo lililojaa: ni kiwanja changu.

FASILI YA NNE: HUKUMU ZAKE

Imamu Nawawi, Mungu amrehemu, ametaja katika Minhaj ya kuwa kila mtu ana ruhusa kuitumia milki yake kwa kadiri ya dasturi, na akipita mpaka hulipa alichokiharibu. Na kuchimba choo ni dasturi, wala hakuna lawama. Lakini kuna ada mbaya ijulikanayo katika miji yetu, ya pwani na ya bara, iitwayo kutapisha choo: mtu hungoja mvua kubwa ya usiku, akafungua shimo lake, uchafu ukaenda na maji mpaka mlangoni kwa watu. Huko ndiko kupita mpaka. Si dasturi iliyokubaliwa, maana lau ingalikuwa halali asingelingoja giza.

Na amesema tena kwamba mwenye kutupa takataka au maganda ya tikiti njiani, akadhurika mtu kwa hayo, kauli iliyo sahihi ni kuwa hulipa. Ikiwa ganda la tikiti lina dhamana, itakuwaje kwa najisi iliyofunguliwa katika njia ya watoto waendao chuoni? Na Mtume, s.a.w., ametuonya na mambo yaletayo laana: kujisaidia penye maji wanapoteka watu, na katikati ya njia, na kivulini. Aliyetapisha choo amekusanya mawili kwa mara moja, njia na maji.

Mas-ala. Akiuliza mtu: maji taka yakisafishwa, hukumu yake ni nini? Jibu: katika madhehebu yetu maji yakifika kulla mbili, nayo ni kama lita 200 na kitu, yakageuka kwa najisi, kisha mageuko yakaondoka yenyewe au kwa kuzidishwa maji, hurudi kuwa tohara. Lakini harufu ikifichwa kwa manukato hayawi tohara, maana uchafu umesitiriwa haukuondoka. Baraza la wanazuoni wakubwa wa Saudia mwaka 1978, na Majmaa ya fiqhi ya Makka mwaka 1989, walitoa fatwa ya kuwa maji taka yaliyosafishwa mpaka ladha na rangi na harufu zake zimerejea kuwa za maji yamekuwa tohara, ila yakihofiwa kudhuru mwili huepukwa kwa ajili ya madhara. Na mboga zilizonyweshwa maji ya najisi zenyewe si najisi katika kauli iliyo sahihi, bali yapasa kuoshwa zilipoguswa.

Mas-ala nyingine. Wajibu huu ni wa nani? Mawardi, katika kitabu chake juu ya hukumu za utawala, amesema ya kuwa mji ukiharibika maji yake, muhtasibu huamrisha yatengenezwe kwa mali ya hazina. Na hazina ikiwa tupu, wajibu huwageukia wenye uwezo katika watu wa mji. Basi hapana upande uwezao kukaa ukamsukumia mwenziwe. Mamlaka yapaswa kulaza mabomba na kuyaangalia mabwawa. Na mwenye nyumba yampasa kujiunga bomba lipitapo kwake, na kulipa gari la kunyonya kabla shimo halijafurika.

Akisema mtu: gharama ni kubwa. Tutamjibu: gharama hiyo ni yako, na ukiikimbia haipotei, huilipa jirani kwa dawa ya mwanawe. Na aliye fakiri kweli, wenziwe wa mtaa na wamsaidie. Kumkinga mtoto na maradhi ni sadaka, kama kumtilia chakula kinywani.

Na akisema: maradhi ni kadari ya Mungu. Tutamjibu: na kuyakinga pia ni kadari ya Mungu, na aliyekuamrisha kutegemea ndiye aliyekuamrisha kumfunga ngamia.

KHATIMA

Na tuanze penye nyumba za Mwenyezi Mungu. Misikiti yetu mingi humwaga maji ya udhu na maji ya vyoo katika shimo moja, likajaa upesi, likatoka njiani, na mtu akaja kusali akikunja kanzu. Maji ya udhu ni tohara, ijapokuwa hayatoharishi tena. Na katika nchi kavu kama Dodoma ni khasara kuyachanganya na najisi. Yatengewe mfereji wake yaende kwenye miti. Na kamati ya msikiti iwe na mfuko wa kunyonyesha karo, kama ilivyo na mfuko wa mikeka. Na tajiri atakaye kuweka wakfu, asidhani mnara ni bora siku zote. Huenda chemba moja na hatua mia za bomba katika mtaa wa masikini zikawa nzito zaidi katika mizani yake.

Ama mji wa Dodoma, hukumu yetu ni hii: umekwenda mbele katika kuyapitisha maji ya mvua, umekwenda mbele katika kuyaleta maji safi, na umebaki nyuma katika kuyaondosha machafu. Asemaye umefika amekosa, na asemaye haukutoka amekosa. Uko njiani, na mvua ya Desemba haimngoji aliye njiani.

Ewe Mola wetu, uteremshie mji ule na miji yetu mvua yenye manufaa isiyo na madhara, uyahifadhi maji ya visima vyetu, uwape viongozi wetu uaminifu, na utupe sisi haya mbele ya jirani zetu. Amin.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.