Juu ya Maneno ya Hatia na Adhabu

Katika vitabu vingi vya Kiingereza wasomavyo wanafunzi wa madarasa ya juu limo somo moja ambalo watoto hulipenda kuliko mengine yote. Si lile la sokoni, wala la safari ya gari moshi, bali ni lile la wezi na polisi. Huchorwa mtu aliyefunika uso amebeba gunia mgongoni, na jaji mwenye nywele za bandia, na mikono miwili iliyoshika nondo za dirisha. Na chini ya picha huandikwa maneno ishirini au thelathini ya kukariri. Mtoto ambaye kwa mwezi mzima hakuweza kushika majina ya mboga, haya ya wezi huyashika kwa siku moja. Sisi tuliofundisha somo hilo kwa miaka kadhaa tulidhani ya kuwa tunafundisha maneno tu, kama vile mtu afundishavyo majina ya ndege. Siku hizi hatudhani hivyo tena, nasi twataka kueleza sababu.

Hatusemi ya kuwa somo lenyewe halifai. Mtu akijifunza majina ya makosa kwa lugha ya pili hulazimika kuyatazama upya yale aliyoyajua kwa lugha ya mama yake. Chukua maneno mawili, 'steal' na 'rob'. La kwanza hufuatwa na kitu kilichoibwa, na la pili hufuatwa na mtu aliyenyang'anywa. Wanafunzi wetu huyachanganya, na kosa lao ni lile lile kila mwaka. Huandika 'I was stolen my book', maana wamegeuza neno kwa neno "niliibiwa kitabu changu". Mwalimu hukata sentensi hiyo kwa wino mwekundu, na akiwa mcheshi huandika pembeni kwamba mtu haibwi ila katika siku za utumwa. Tumeandika hivyo mara nyingi, tukacheka wenyewe.

Walakini siku moja tulituliza kalamu tukajiuliza mtoto huyu amekosea nini hasa. Katika Kiswahili silabi moja ndogo ikiingia katika neno kuiba, mara yule aliyedhulumiwa hujitokeza mbele ya macho. Kuiba ni kuiba kitu, bali kuibia ni kumwibia mtu. Wala huwezi kusema "amemwibia" pasipo kuulizwa ni nani huyo. Neno 'steal' humwacha mwenye mali nje ya mlango, akitakiwa aingie lazima aletewe neno jingine la kumkaribisha. Basi mtoto wetu alitaka kusema ya kuwa wizi umempata yeye, si kitabu. Alama hatukumpa, kwa kuwa mtihani hautoi alama kwa jambo hilo. Lakini tangu siku ile hatukuandika tena ule mzaha wa watumwa.

Kiingereza nacho kina upambanuzi wake ambao sisi hatunao katika neno moja moja. Kuvunja nyumba mchana kuna jina lake, na kuivunja usiku kuna jina lingine. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, iliyo Sura ya 16 ya sheria za nchi, ilirithi tofauti hiyo kutoka kwa Waingereza: anayevunja nyumba ya watu mchana ili atende kosa aweza kufungwa hata miaka 14, na anayeivunja usiku aweza kufungwa hata miaka 20. Waingereza wenyewe waliiacha tofauti ya usiku na mchana katika sheria yao ya wizi ya mwaka 1968, nasi twaendelea nayo. Mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini usiku uongeze miaka sita. Tulimjibu kwamba usiku watu wamelala, wanyonge, na hofu yao ni kubwa zaidi. Akasema kwamba bibi yake ni kipofu, kwake ni usiku siku zote. Hatukuwa na jibu.

Lakini neno lililotusumbua kuliko yote ni letu sisi, nalo ni neno kosa. Kwa Kiingereza mtoto hufundishwa maneno mengi: moja la kukosea hesabu, moja la kuvunja amri ya nchi, moja la kumkosea Mungu, moja la upungufu wa tabia. Kwetu kosa laweza kusimama mahali pa karibu yote hayo. Imla ina makosa, mshtakiwa ana makosa mawili katika hati yake ya mashtaka, na katika Sala ya Bwana wako Wakristo wanaoomba wasamehewe makosa, na wako waombao wasamehewe deni. Msomaji asidhani kwamba Waingereza wameepukana na mchanganyiko wa namna hii. Wengi wao husali kwa neno 'trespass', na neno hilo hilo hulibandika penye ua wa shamba kumwonya mpita njia asiingie.

Basi shida iko wapi? Iko katika fimbo. Kwa kuwa jina ni moja, adhabu nayo tumeifanya moja. Tumemwona mwalimu, nasi hatujitoi katika idadi hiyo, akimchapa mtoto kwa sababu ameandika 'punishment' bila herufi moja. Mtoto hakutaka kumdhulumu mtu, wala hakuvunja amri yoyote, hakujua tu. Na sheria ya nchi, ambayo watu huiona kuwa ni kali, ina huruma kuliko sisi katika jambo hili, kwa maana Kanuni ya Adhabu yasema kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka kumi hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai kwa tendo lolote. Mtoto wa miaka tisa akichoma ghala hapelekwi kifungoni, bali akikosea imla hunyosha mkono. Hata kanuni za viboko za mwaka 2002, zinazoruhusu viboko visivyozidi vinne shuleni, zilivikusudia kwa utovu mkubwa wa nidhamu na matendo mazito, si kwa herufi iliyosahauliwa. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Wako wenzetu wasemao kuwa pasipo fimbo watoto hawasomi; nasi tulisema hivyo. Twawauliza tu, mtoto akichapwa kwa kutojua, na kesho akachapwa kwa kuiba, atajuaje ni lipi kati ya hayo mawili lililo ovu?

Sasa tufike kwenye habari iliyotufanya tushike kalamu, ijapokuwa haitupendezi kuisimulia.

Mwaka mmoja, katika juma lile lile la somo la wezi na polisi, zilipotea shilingi 12,000 za michango ya karatasi za mtihani. Tulikuwa tumezitia katika bahasha, na bahasha ikawa juu ya meza yetu darasani. Wakati wa mapumziko wanafunzi wote walitoka ila mmoja, aliyekuwa na kidonda mguuni. Tuliporudi bahasha haikuwapo. Tulimwuliza, akasema hakuiona. Hatukumchapa, wala hatukumpeleka popote, nasi tukajiona tu waungwana. Siku ya pili yake tuliwaagiza wanafunzi watunge sentensi kwa neno 'thief'. Mmoja akasimama akatunga sentensi fupi, akamtaja yule kijana kwa jina lake. Darasa zima likacheka. Sentensi ilikuwa sahihi kwa sarufi; kitenzi kilikaa mahali pake, na kiambatisho hakikusahauliwa. Tukaipigia alama ya vema, tukamwita mwingine.

Baada ya siku tisa tulikuwa tukihesabu mahudhurio ya mwezi, na bahasha ikaanguka kutoka katika daftari la mahudhurio. Sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumeitia humo. Siku hiyo hiyo tuliwaambia wanafunzi wote, na yule kijana tulimwomba radhi mbele yao. Wakasikiliza kwa adabu. Walakini jina lilikuwa limekwisha kutoka darasani. Watoto wadogo wasiojua hata kuhesabu kwa Kiingereza walilichukua wakalifanya la Kiswahili, wakamwita Thifu kisimani, wakamwita Thifu penye kiwanja cha mpira. Nao hawakujua maana yake, walijua tu kwamba ni lake.

Ndipo bibi yake alipokuja shuleni. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitika, "Marahaba, mwanangu." Tukampa kiti akakataa, akakaa chini ya mwembe.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikusoma. Nimekuja kuuliza maana ya neno. Mjukuu wangu kila akipita huitwa Thifu. Nimemwuliza yeye, hasemi. Ni cheo?"

Tulimfasiria. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Aliiba nini?"

"Hakuiba kitu, bibi."

"Basi jina amelipataje?"

Tukamweleza yote, hata ile alama ya vema. Hakutukemea. Alisema kwamba katika ujana wake mtu akimwita mwenziwe mwizi pasipo ushahidi aliitwa mbele ya wazee akatoa mbuzi, na mbuzi yule aliliwa na wote waliolisikia neno, ili kila mmoja ajue kwamba limerudishwa. "Ninyi," akasema, "maneno yenu hurudishwa kwa nini?"

Tangu siku hiyo tumelifikiri sana neno mwizi. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 13 iliyoingizwa mwaka 1984 pamoja na haki nyingine za binadamu, yakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka ithibitike kuwa analo. Nayo mahakama ina ngazi zake za majina: mtuhumiwa, kisha mshtakiwa, na hatimaye, akionekana na hatia, mfungwa au mtozwa faini. Maneno hayo yote tunayo kwa Kiswahili, wala hatuna haja ya kuyaazima. Mahakama za Mwanzo zimeyatumia miaka mingi, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Lakini njiani, sokoni, kituo cha mabasi, ngazi hizo hazipandwi. Mtu mmoja hupiga kelele "Mwizi!" na wote hukimbia na mawe. Wako waliouawa hivyo, na wako miongoni mwao ambao hawakuiba. Neno moja limekuwa shtaka, na ushahidi, na hukumu, na adhabu.

Huenda mtu akasema kwamba kosa si la neno bali ni la mioyo ya watu, na kwamba Waingereza nao kwa neno lao wamewadhulumu wengi. Ni kweli. Nasi hatutaki kuyatupa maneno. Hata gereza, wajuzi wa lugha husema, latokana na neno la Kireno lililo na maana ya kanisa. Na Ngome ya Yesu ya Mombasa, walioanza kuijenga Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Kama jina la nyumba ya sala limeweza kuwa jina la nyumba ya vifungo, basi hakuna neno lisilogeuka.

Tusemalo ni kwamba lugha yetu hutupa njia ya kutaja tendo pasipo kumvika mtu jina la daima. Mwizi ni jina, kama mlevi au mvivu. Mtu hulala nalo na kuamka nalo. Aibaye ni mwenye mazoea. Bali aliyeiba ni mtu aliyetenda jambo siku fulani, na kesho aweza kuwa aliyerudisha. Zakayo, kwa habari ya Luka, aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu, wala hakuna aliyemwita kwa jina la dhuluma yake tangu hapo. Sisi darasani twafundisha siku hizi kwa kuanza na tendo: nani alifanya nini, kwa nani, na limejulikanaje. Jina la mtenda huja mwisho, na katika mifano yetu hatutaji jina la mtu tumjuaye. Wenzetu wengine hutucheka, wakisema kuwa tumefanya somo la Kiingereza kuwa baraza la wazee. Labda ni hivyo.

Yule kijana alihamia shule nyingine kabla ya mwaka kwisha. Mjombake alituambia kuwa ni kwa sababu ya umbali wa njia.

Mwaka uliofuata, tulipofika tena kwenye somo lile, msichana mmoja wa kiti cha nyuma alinyosha mkono. Alikuwamo darasani siku ya sentensi ile. "Mwalimu," akauliza, "orodha hii ina mwizi, na mnyang'anyi, na mwuaji. Je, anayemsingizia mwenziwe huitwaje?" Tuliitazama orodha ya kitabu, neno hilo halimo. Tukaligeukia ubao, tukaandika 'false accuser', na chini yake kwa Kiswahili, msingiziaji. Wanafunzi wakainama, wakalinakili katika madaftari yao.